Ile L Yangu na R ya Mama

Bangkok,
Jumapili, jioni ya tisa ya likizo

Kwa Dada Mariamu, Kyebando,

Assalaam alaykum. Nakusalimu kwanza kama mdogo anavyomsalimu mkubwa wake, kabla hujapata nafasi ya kunigombeza. Goti lako limepungua maumivu? Watoto wamerudi shule? Shemeji bado anakohoa akilala karibu na dirisha? Sisi wawili huku ni wazima wa mwili, alhamdulillahi, tunakula na tunalala. Nimesema wazima wa mwili kwa sababu moyo wangu haujakaa sawa tangu Alhamisi, kwa hiyo usishangae ukiona mistari imelala upande. Na usicheke. Najua balua zangu huwa unazisoma kwa sauti mbele ya watu ili wasikie l na r zangu zinavyopishana. Hii usiisome kwa sauti. Isome peke yako, ukiwa umekaa.

Ningekupigia simu, lakini chumba ni kimoja, na Mama masikio yake ni yale yale ya zamani, na kuyatamka haya akinisikia siwezi. Ndiyo maana nimeona niandike, na barua itakuja na yeye mwenyewe kesho, ndani ya kikapu chake.

Unakumbuka ulivyoniambia kabla sijaondoka Doha? Nilikuwa nakunja mashuka pale kazini, simu nimeibana kwa bega. Ukasema Mama aliacha sigiri ya makaa inawaka chini ya pazia akaenda zake sokoni Kikuubo, na kama si Nnalongo wa nyumba ya pili kuona moshi, tungekuwa tunaongea mengine. Ukasema wiki iliyofuata alipanda taksi isiyo ya njia yake akakutwa Mengo amesimama barabarani, hajui kilichompeleka. Ukasema Kaka Ramadhani ameshaamua moyoni: kibanda cha Mama pale Kikuubo kifungwe, nyumba ifungwe, Mama ahamie kwake Bombo. Kisha ukanipa mimi kazi. "Zamu, wewe utakuwa naye siku kumi usiku na mchana. Mwangalie vizuri. Utakalosema ndilo tutakalofanya." Nikakubali haraka haraka, kama mtu anayeambiwa alete sukari akirudi. Sikujua nimekubali nini.

Mama yeye alijua anakuja kutembea tu. Miaka yote ile anauza nguo za watoto akiwaambia wateja, "Hii ni ya Bangkok, mama, hii hapana ile ingine," na yeye Bangkok hajawahi kuiona. Nilipopata likizo yangu nikaona hapo ndipo pa kumpeleka.

Na ungemwona, Dada! Mchana jua ni kali, tunajifungia chumbani na feni. Ikifika saa kumi na moja anaoga, anajizungushia gurbaba yake ile ya maua ya zambarau, anachukua kikapu alichokisuka mwenyewe, anasimama mlangoni ananingoja mimi niliye kijana. Jioni zetu zilikuwa hivyo. Tunatembea polepole hadi kwenye mto, tunapanda mashua ya abiria, tunashuka popote moyo unapotaka. Kwenye masoko ya nguo anashika kitambaa kati ya vidole viwili, ananusa, anarudisha, anatikisa kichwa. "Hii ndiyo ile naisha rangi kwa kufua mara moja," ananiambia mbele ya mwenye duka, kwa sauti, kwa kuwa hakuna anayemwelewa. Siku ya tatu akagundua kwamba wanachoma gonja, ile ndizi tamu, barabarani kama sisi, ila wao wanaibonda ikawa bapa kisha wanaimwagia sukari iliyoyeyushwa. Kuanzia hapo hatukurudi chumbani hata jioni moja bila gonja. Alikuwa na furaha. Nataka hilo ulishike kabla sijakwambia mengine.

Mimi furaha yangu ilikuwa nusu. Kila alichofanya nilikipima. Akichelewa kujibu, naogopa. Akisimama njia panda, moyo unanienda mbio. Kila asubuhi nilimuuliza, kama mchezo tu, "Mama, leo siku gani?" na kila asubuhi alinijibu sawasawa. Lakini jioni ya pili, tukiwa tunakula wali kando ya mto, aliangalia sahani akasema, "Baba yenu amekula?"

Nilirudisha tonge kwenye sahani. Baba ana miaka tisa kaburini, na mimi nilikuwa Doha siku anazikwa, kwa hiyo kuulizwa vile kuliniuma mara mbili. Kisha Mama akasema, "Wali nazuri," akaendelea kula bila kuniangalia. Usiku huo nililala macho wazi nikisikiliza anavyopumua.

Sasa Alhamisi.

Kabla ya yote nikueleze hapa tunapokaa, maana kila kitu kimetoka hapo. Ni nyumba ndogo ya wageni, inaitwa Baan Rom. Baan ni nyumba, na hilo la pili mwenye nyumba ametuambia maana yake ni kivuli. Kibao cha mlangoni kimeandikwa kwa maandishi yao, na chini yake kwa herufi zetu. Kila jioni tukirudi nilikuwa nasimamisha tuktuk, ile pikipiki yao ya magurudumu matatu yenye paa, namwambia dereva jina la nyumba na kumwonyesha ramani kwenye simu. Tunafika bila shida. Nikajisifu moyoni kwamba lugha ya watu imeanza kunikubali. Kumbe madereva walikuwa wanafuata ramani, hilo jina langu wanaliacha lipite na upepo.

Alhamisi tulishuka mashua sehemu ambayo hatujawahi kufika. Magharibi ikakaribia. Mama akasikia adhana, akageuka kama mtu aliyeitwa jina lake. Kulikuwa na msikiti mdogo ndani ya kichochoro, umebanwa na maduka. Mimi sikuwa wa kuswali wiki hiyo, kwa hiyo nikamsindikiza hadi mlangoni. Alivua viatu, akavipanga ukutani. Simu yangu ilikuwa ndani ya kikapu chake. Tangu siku ya kwanza alininyang'anya. "Simu hapana kaa mfukoni," alisema, "hii watu iko wengi kama Kikuubo." Pochi nilikuwa nayo mimi.

"Mama, ukimaliza nisubiri hapa hapa kwenye viatu. Naenda kukununulia gonja."

"Haya. Yenye haiko sukari mingi."

Nilikwenda, nikapanga foleni, nikarudi na gonja imefungwa kwenye jani. Mlango umefungwa. Viatu havipo.

Nikazunguka. Upande wa pili kulikuwa na mlango mwingine na viatu vingine, vya wanaume. Nikarudi. Hapo ndipo nikaona kwamba vichochoro ni viwili vinavyofanana, kila kimoja na mlango wake wa kijani, na mimi sikuwa na uhakika tena nilimwacha kwenye upi. Nikakimbilia cha kwanza, nikakimbilia cha pili. Hakuna mtu. Gonja ilianguka nikaikanyaga mwenyewe.

Dada, mimi nimeshaogopa maishani. Niliogopa siku ya kwanza Doha, niliogopa siku ya simu ya Baba. Lakini hii ilikuwa nyingine. Nilikuwa namuona Mama amesimama kando ya mto na uso ule aliotazamia sahani, akijiuliza yuko wapi, akimwita Baba. Nikaanza kuita, "Mama! Mama!" na wanawake watatu wa kule wakageuka, kwa sababu neno hilo kila mtu analijua.

Nikamkuta mzee mmoja akifagia ukumbi wa msikiti. Namwita lafiki yangu sasa, ingawa jina lake silijui. Nikamwelezea gurbaba kwa mikono, nikajizungushia kitambaa ambacho hakipo, nikaonyesha kikapu, nikaonyesha urefu. Akaelewa. Akanyoosha mkono kuelekea barabara kubwa, akafanya ishara ya usukani. Mama alikuwa amepanda gari. Gari gani, kwenda wapi, na nani, mikono yake haikuweza kuniambia.

Nikasema huenda ameamua kuludi nyumbani. Kisha nikajiuliza, nyumbani ipi? Kama akilini mwake nyumbani ni Kyebando, amemwambia dereva nini? Nilifikiria nitakavyokupigia. Nilitafuta maneno ya kwanza nitakayosema nikayakosa. Niliomba, Mungu wangu, kama ni adhabu ya kumpima mama yangu kama maziwa ya sokoni, nipe mimi, usimpe yeye.

Simu sina. Ramani sina. Kwenye kona walikuwa wamekaa watu wa bodaboda wamevaa vizibao vya rangi ya chungwa. Nikamrukia wa kwanza, nikampigia kelele usoni jina la nyumba, maneno mawili tu, mara tatu. Akaitikia kwa kichwa kwamba anapajua, nikakaa nyuma yake, tukaondoka.

Njia sikuiona, nilikuwa nalia nimefumba macho kwenye mgongo wa mtu nisiyemjua. Aliposimama nikashuka, nikafumbua macho. Hapakuwa kwetu. Kwetu geti ni la mbao, hili lilikuwa la chuma, la buluu. Kwetu kuna mti uani, hapa palikuwa na kengele nyingi ndogo za vioo zikigongana kwa upepo. Sasa tulikuwa wawili tuliopotea, kila mmoja sehemu yake, katika mji ambao mwisho wake sijauona hata kutoka juu ya daraja.

Nilikuwa bado nimeshika geti nikasikia adhana. Isha. Nikadhani nimechanganyikiwa, maana adhana ilitoka ndani ya ile nyumba, na sauti ya mwadhini nilikuwa naijua. Ilikuwa simu yangu.

Nikaingia mbio. Mama alikuwa amekaa uani kwenye kiti cha plastiki, kikapu mapajani, viatu amevua kwa adabu. Pembeni yake mwanamke wa makamo, mwenye nyumba, anammiminia chai. Walikuwa wanaongea, Dada, kila mmoja kwa lugha yake, na wote wawili wanaitikia.

"Umechelewa," Mama akasema. "Chai yako imepoa."

Nilianguka magotini pake nikamkumbatia miguu. Nililia. Akaninyamazisha kama mtoto, akanipangusa pua kwa ncha ya gurbaba.

"Mama, hapa siyo kwetu," nikasema mwishoni.

"Najua hapana kwetu. Wewe ndiyo hajui."

"Umefikaje?"

"Mimi nilingoja pale mlango. Wewe hapana. Nikaona giza nakuja. Nikasema, heri nirudi nyumbani, Zamu atanikuta. Hii simu yako nakataa kufunguka. Nikaita tuktuk, nikamwambia vile wewe nasema kila jioni: Baan Lom. Akanileta hapa, huyu mama akamlipa. Nikasoma kibao." Akaonyesha juu ya mlango. "Soma."

Nikasoma. Baan Lom. Kwa L kubwa kama mlingoti.

"Kwetu iko na R," Mama akasema. "Hii ni L yako, Zamu. Ile ya utoto. Ile mwalimu wa madrasa alikuchapa nayo na haikutoka."

Mwenye nyumba, akiona tunaangalia kibao, akapuliza hewa kwa mdomo na kutikisa zile kengele. Lom ni upepo. Kumbe jioni zote nilikuwa naomba kupelekwa nyumba ya upepo, na ramani inanirudisha kwenye kivuli.

"Sasa kwa nini hukuwaambia wakupeleke Baan Rom?" nikamuuliza. "Wewe r unaiweza."

Mama akaniangalia kwa huruma. "Nikienda kule, wewe utakuwa wapi? Nikasema, huyu mtoto atanitafuta. Simu hana. Atapanda kitu, na ataita hii jina na ulimi ile ile. Watamleta hapa. Nikitoka, tunapishana. Nikakaa. Nikaomba chai."

Akamgeukia mwenye nyumba, akanionyesha kwa kidole, akasema kwa Kiswahili, taratibu, "Huyu ndiyo ile mtoto." Yule mwanamke akacheka, akaniletea kikombe.

Kwenye tuktuk ya kurudi, ramani nimeishika kwa mikono miwili, tulivuka daraja. Kisha Mama akasema, bila kugeuka, "Mariamu alikutuma."

"Kunituma nini, Mama?"

"Usinifanye mimi mjinga. Mtoto gani naenda likizo na mama yake na kila asubuhi nauliza, leo siku gani? Hata mimi nilitaka kukuuliza kama uko mzima."

Nililia tena. Sikukana, Dada. Nikamwambia yote, sigiri, Mengo, Bombo, kibanda. Alisikiliza, anatikisika na tuktuk. Nilitegemea akasirike. Hakukasirika, na hilo liliniogopesha zaidi.

"Ile ya Mengo ni kweli," akasema. "Na ile ya baba yenu, pale kwa wali. Uliona, nikaona umeona. Naogopa, Zamu. Wewe nadhani naogopa peke yako? Inakuja kama mtu nazima taa halafu nawasha. Siku moja atazima na ataenda na kiberiti." Akanishika mkono. "Andika kwa Mariamu. Mwambie nilipotea, usifiche. Lakini mwambie, leo nilipotea na nilijua nimepotea. Siku hiyo ingine itafika. Hapana leo."

Tangu hapo hatujaacha kutoka jioni. Juzi tulikwenda mtoni, jana tukarudi kwa yule mama wa nyumba ya upepo, Mama akampelekea gonja. Lakini natembea nimemshika kiwiko, na yeye ananiacha nimshike, jambo ambalo zamani asingekubali. Akinyamaza sana namuuliza kitu chochote ili nisikie sauti yake. Sijui kama tunatembea au tunaagana na kitu.

Basi ulitaka neno langu. Nimeandika kurasa hizi zote na bado naogopa kulisema, maana nikikosea ni yeye atakayeungua, siyo mimi niliye Doha na mashuka ya wageni. Nikisema abaki, na sigiri ikawaka tena? Nikisema ahame, tunamzimia taa sisi wenyewe kabla ya wakati. Mimi naona hivi: sigiri iondoke ndani, mtu alale naye, na asubuhi dereva awe mmoja tu anayemjua, wa kumpeleka Kikuubo na kumrudisha. Kibanda kisifungwe. Pale anajua kila kitambaa kwa vidole. Lakini Kaka Ramadhani atasema mdogo wetu amelainishwa na likizo, na mimi sina la kumjibu ila Alhamisi.

Nisalimie Shemeji, mume wako mvumilivu, na Kaka Ramadhani, mwambie sijamsema vibaya. Nisalimie Nnalongo jirani yetu, pua yake iliyookoa nyumba Mungu aibariki, na Shangazi wa Bombo, na wanao wote, hasa yule wa mwisho anayeniita mama mdogo wa simu.

Mama amekaa kitandani, ananiuliza kama bado tu naandika. Bahasha sitaifunga. Ameniambia ataisoma yote ndani ya ndege. "Nitatengeneza hizo l zako," amesema, "Mariamu asicheke." Nimemwekea kalamu nyekundu ndani ya kikapu. Najua kuna mahali nimekosea, na sikurudi nyuma kupanguza.

Kwa hiyo, Dada, ukifika hapa (na Mama atafika kabla yako, simfichi tena kitu), rudi mwanzo utafute wino mwekundu. Ukikuta ile "balua" ya juu imekatwa ikawa barua, ujue amekumbuka, mwachie Mama funguo zake zote, za nyumba na za kibanda. Ukikuta karatasi ni safi, usimwambie kitu. Mpokee kikapu, mpikie chai, umwambie karibu nyumbani. Kisha toka nje unipigie mimi.

Ni mimi mdogo wako mwenye hofu,
Zamu